Mnafikia kwa Nani?

Katalogi haikuwa yetu. Ilikuwa ya mwenye nyumba wa zamani, mstaafu mmoja aliyetuuzia ile nyumba ya Katy, pembeni mwa jiji la Houston, akahamia Galveston, na posta haikuchoka kumletea vitu vyake kwetu. Kila mwanzo wa mwaka, katikati ya bili na vikaratasi vya pizza, inaingia: kurasa za kung'aa, milima ya Ulaya kwenye jalada, na wazee wa watu wamevaa kaptura na soksi ndefu, wanatembea kwenye nyasi za kijani mpaka macho yanauma. Likizo za kutembea kwa miguu, likizo za baiskeli. Ugumu wa njia waliuonyesha kwa picha za buti. Buti moja ni njia rahisi, mbili ni ya wastani, tatu basi umejitakia mwenyewe.

Mimi nimezaliwa Taita, mlimani kabisa, na mara ya kwanza kuisoma nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Watu wanaomba likizo kwenda kupanda mlima! Kwetu mlima ulikuwa kazi. Unashuka na mtungi mtupu, unapanda na mtungi umejaa, ukifika nyumbani unaambiwa kuni zimekwisha. Kilichonimaliza kabisa ni pale waliposema kwamba gari litakubebea mizigo kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, wewe utembee mikono mitupu. "Ebo," nikasema peke yangu jikoni, "sasa unaenda huko juu kufanya nini kama hubebi kitu?"

Mume wangu hakucheka. Yeye ni mtu wa Malindi, amekulia mahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote kilikuwa tangi la maji la shule. Aliichukua ile katalogi akaenda nayo kazini, na mwaka uliofuata akaichukua nyingine. Nilikuja kuzikuta nyuma ya kiti cha gari lake, zimekunjwa kunjwa, zina madoa ya chai. Alikuwa anazisoma wakati wa mapumziko, huko wodini, watu wote wamelala.

Sote wawili tulikuwa manesi. Tulipofika Houston, miaka ya tisini, na watoto wawili wadogo, bila shangazi wala nyanya wa kutuangalizia, tulifanya kama walivyofanya manesi wote Wakenya tuliowajua: mmoja akashika zamu ya mchana, mwingine ya usiku. Mimi mchana. Alfajiri yeye anaingia, mimi natoka. Jioni mimi naingia, yeye anatoka. Tulikuwa tunakutana mbele ya gereji, injini moja inazimwa, nyingine inawashwa, na pale tunapeana ripoti kama tuko wodini. Mkubwa amekula. Mdogo ana homa kidogo, nimempa dawa saa tisa. Fundi wa kiyoyozi anakuja kesho. Barua ya shule iko juu ya friji, inataka sahihi. Na mwisho wa ripoti mume wangu anauliza swali ambalo manesi lazima waulizane wakipokezana zamu: "Kuna la ziada?"

Nami nilikuwa najibu, "Hakuna." Miaka kumi na miwili nilijibu hivyo.

Hatukugombana, eti. Pale kanisani, kwenye ushirika wetu wa Wakenya, walikuwa wanatutolea mfano kwa vijana wanaotaka kuoana, angalieni hawa, hamtasikia sauti nyumbani kwao. Jamani! Ugomvi unataka muda. Huwezi kumkasirikia mtu vizuri kwa dakika tano huku gari linanguruma. Na mimi hasira zangu haziko mbali, niseme ukweli, kwa hiyo nilizimalizia kwenye vitu. Kitu kikubwa kilikuwa mto wa kulalia. Kitanda chetu kipana, kila mtu na upande wake, lakini kila jioni nikirudi nakuta alilala kwangu. Upande wake umenyooka kama kitanda cha hoteli, wangu umevurugwa, mto wangu una shimo la kichwa chake na harufu ya mafuta yake ya nywele. Nabadilisha foronya nikinung'unika. Mwanamume mzima, ana upande wake, kwa nini asilale kwake? Lakini kwenye ripoti sikuwahi kuliweka hilo. Niliona ni aibu kumpa mtu anayekwenda kuhangaika na wagonjwa mahututi habari za foronya.

Halafu watoto wakaondoka. Mkubwa alikuwa tayari yuko chuo Arlington, na mdogo naye akapata Denton, yote miji ya karibu na Dallas. Siku tuliyompeleka, njia nzima ya kurudi, kutoka Dallas mpaka Houston, mashamba makavu huku na huku, nilikuwa nawaza: sasa. Sasa ataomba zamu ya mchana. Nilikuwa hata nimefikiria nitakachopika.

Hakuomba. Jumatatu jioni nilimkuta mbele ya gereji, funguo mkononi, chakula chake kwenye kikopo. Tukapeana ripoti ya nyumba isiyo na mtu. Friji inatoa sauti. Nyasi zimekatwa. Kuna la ziada? Hakuna. Miezi ikapita namna hiyo, watu wazima wawili wanalinda nyumba kwa zamu kana kwamba bado kuna mtoto amelala ndani.

Basi nikaamua kuondoka. Mdogo wangu, dada yangu wa tumbo moja, alikuwa anaishi Cedar Hill, kusini mwa Dallas, na chumba kitupu. "Njoo ukae na mtu anayeongea," akaniambia kwenye simu. "Hapo unaishi na kivuli." Hospitali moja ya huko ilikuwa inatafuta manesi. Nikatuma maombi, wakanihoji kwa simu nikiwa nimejifungia bafuni, wakaniandikia barua ya kunipa kazi. Walitaka jibu kabla ya mwisho wa Juni. Barua nikaiweka kwenye droo chini ya sare zangu za kazi, na kila asubuhi nikivaa naigusa kidogo.

Shida ilikuwa kumwambia. Ndoa ya miaka ishirini na kitu utaivunjaje mbele ya gereji, mtu ana funguo mkononi anachelewa kazini?

Na ndipo jioni moja nikakuta katalogi juu ya meza ya jikoni, ukurasa umekunjwa pembeni. Buti mbili. Austria, siku saba, kutoka kijiji hadi kijiji. Juu yake kikaratasi, mwandiko wake mbaya wa kinesi: Twende?

Nilisimama pale na mkoba begani. Sikulia, nilikasirika. Miezi yote hiyo hasemi neno, sasa anataka kwenda Austria! Halafu nikafikiri: huko hakuna gereji. Huko hana pa kukimbilia, atanisikiliza mpaka mwisho. Nikachukua kalamu nikaandika chini yake: Haya.

Mtu atajiuliza tulijizoezaje, maana Houston haina mlima. Haina hata kilima. Kitu pekee cha kupanda ni madaraja ya barabara kuu, na huko utagongwa. Mume wangu akasema kuna mahali. Akanipeleka kwenye jengo la kuegesha magari karibu na hospitali yake, orofa tisa, njia inazunguka inapanda mpaka juu. Kila Jumamosi asubuhi tukawa tunapanda na kushuka mle ndani, buti mpya zinalia kwenye saruji. Mimi nilidai mzigo. Siwezi kupanda mlima mikono mitupu, shingo inakosa kazi, kwa hiyo nilitia mfuko wa mchele mgongoni, naye kwa aibu akatia wake. Mlinzi wa pale, mzee mpole, alitukuta orofa ya nne siku ya kwanza akatuuliza kama tumepoteza gari letu. Tukamwambia hapana, tunapanda tu. Jumamosi iliyofuata akatuuliza tena.

Juu kabisa hakuna paa. Ukifika unaona Houston yote imelala chini, bapa, imefunikwa na mvuke, na upande wa ghuba mawingu yanaanza kujijenga. Tulikuwa tunakaa pale juu ya ukuta mfupi, tunakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Mawingu yale ya kiangazi yanapanda, yanapanda, meupe, yana mabonde na vivuli. Mume wangu akanyoosha kidole.

"Ona ule mlima wa kushoto," akasema. "Huo ni buti tatu."

Nikacheka. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba namwacha. Kichwa kilikuwa chepesi kwa joto na kwa kupanda, na kwa muda fulani nilikuwa naiona njia kwenye lile wingu, inazunguka ubavuni, na watu wawili wadogo sana wanaipanda. Kisha nikaikumbuka barua nikamwambia tushuke, jua limekuwa kali.

Sasa, kosa langu lilikuwa kumwambia dada yangu. Sikumwambia mengine, nilimwambia tu kwamba tunakwenda Ulaya wiki moja kutembea mlimani. Yeye akamwambia rafiki yake wa Dallas, rafiki naye ana binamu Houston, na kufikia Ijumaa ushirika mzima ulikuwa na habari. Jumapili mchana, baada ya ibada, nikasikia milango ya magari. Kuchungulia dirishani naona kina mama wanashuka na sufuria, chapati zilizofungwa kwenye vitambaa, chupa za chai, na mchungaji na Biblia yake.

Yeyote aliyekaa na watu wetu anajua maana ya chupa za chai nyingi hivyo. Ni msiba, au ni ugonjwa.

Waliingia kimya kimya, wakanikumbatia mmoja mmoja. Mama mmoja mkubwa, anayeheshimika kuliko wote pale, akanishika mikono akanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe. "Mwanangu," akasema, "usitufiche. Mnafikia kwa nani huko?"

"Hatufikii kwa mtu, mama."

"Hamna ndugu huko?"

"Hatuna."

"Mna hospitali mmeandikiwa?"

"Hapana, mama. Tunakwenda kutembea mlimani. Kwa miguu. Halafu tunarudi."

Wakatazamana. Nikaona kabisa kwamba hawaniamini. Nani apande ndege bahari nzima kwenda mahali asipomjua mtu, hana mgonjwa, hana maiti, hana harusi, akatembee kwa miguu halafu arudi? Mume wangu akaleta katalogi, maskini, akawafungulia ule ukurasa. Ikapita mkono kwa mkono. Mama mkubwa akaivalia miwani, akaangalia mlima, akaangalia wale wazee wa kaptura, akanirudishia kama unavyomrudishia mtu picha ya eksirei.

"Tutaomba," akasema mchungaji.

Wakatuzunguka, wakatuwekea mikono kichwani. Mchungaji akaombea safari, akaomba afya, akaombea jambo lolote lililofichwa. Kisha mama mkubwa akapokea yeye. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya nyumba hii isiyo na kelele, na watoto wako hawa wawili, Bwana, ambao hawajawahi kutengana. Hapo machozi yakanitoka. Yalinitoka kwa sauti, siwezi kuyazuia, mabega yanatikisika, na barua iko chumbani chini ya sare. Kina mama wakaona, wakajua sasa ukweli umetoka, wakaanza kuimba. Mume wangu alikuwa amenishika mkono. Alinishika kwa nguvu, na hakuniuliza ninalia nini, na hilo nalo likaniudhi.

Tulikula chapati zile siku tatu.

Nikiikumbuka Austria sasa, inanijia vipande vipande, kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi. Njuga shingoni mwa ng'ombe unazisikia kabla hujawaona. Maji ya kunywa yanatoka kwenye bomba la mti, baridi mpaka meno yanashtuka. Nyumba za mbao zenye maua madirishani, na shuka nene za manyoya ambazo nilizitupa chini usiku wa kwanza nikaziokota alfajiri. Kila asubuhi gari linakuja kuchukua mabegi yetu, na mimi kila asubuhi nasimama mlangoni kuyaangalia yakienda. Shingo ilikuwa inatafuta mzigo. Nilikuwa napanda haraka mno, nafika kwenye kona nangoja, namsikia mume wangu nyuma anahema na vikokoto vinateleza chini ya buti zake. Mtu wa Malindi. Alipofika, uso umeloa jasho, anatabasamu kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Na watu wa kule wanasalimiana njiani! Hilo sikulitegemea. Katy unaweza kukaa mwaka usimsalimie jirani, lakini kule juu kila unayepishana naye anakusalimu, mzee, kijana, kwa lugha yao, nasi tukawajibu kwa yetu. "Hujambo mama!" nilimwambia bibi mmoja mwenye fimbo mbili, naye akanijibu kwa furaha kabisa.

Njia tulipewa kwenye makaratasi. Mmoja anasoma, mwingine anaangalia. Baada ya dakika kumi na mbili utaona hori la maji la ng'ombe, pinda kulia. Fuata uzio mpaka kanisa dogo. Mume wangu alikuwa anasoma kwa sauti ileile ya ripoti, nami naitikia. Siku tatu tuliongea hivyo. Maji yamebaki nusu chupa. Kisigino changu kina lengelenge. Mkate uko kwenye mfuko wa mbele. Nilikuwa nimekuja kumwambia namwacha, na kila asubuhi nasema leo, na kila jioni nakula supu mbele yake nasema kesho. Nilianza kujichukia.

Siku ya nne ukungu ukashuka. Ulikuja bila haraka, ukala miti, ukala uzio, ukabaki mduara mdogo wa nyasi na sisi wawili ndani yake. Wala sikuogopa. Ulikuwa na harufu ya kwetu, ya Wundanyi asubuhi, nyasi zilizolowa na moshi wa mbali, na nikasimama nikauvuta mpaka nikahisi mama yangu ataniita kutoka upande wa pili. Hori la ng'ombe hatukuliona, wala kanisa. Tukakaa juu ya jiwe kungoja.

Mume wangu akakunja makaratasi vizuri, akayatia kifukoni. Kisha, akiangalia mbele, kwa mazoea tu, akauliza, "Kuna la ziada?"

"Liko," nikasema.

Akageuka.

"Nimepata kazi Dallas. Nahamia Cedar Hill, kwa mdogo wangu. Peke yangu."

Akasimama akapiga kelele. Mume wangu! Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu watoto wako shule ya msingi.

"Cedar Hill! Na mimi je? Mimi nikitoka kazini nafikia kwa nani?"

"Kwani sasa unafikia kwa nani?" nami nikasimama. "Unafikia kwenye friji! Mtoto amekwenda Denton, tumemaliza, na wewe umerudi kule kule usiku! Ungeomba mchana! Ningekuona!"

"Nilingoja uniambie!"

"Nikwambie nini? Mimi ni bosi wako?"

"Nilikuuliza! Kila jioni, miaka yote, nilikuuliza kama kuna la ziada. Wewe ulidhani nilikuwa naulizia friji?"

Kwenye ukungu wakatokea watu wawili, mume na mke, wazee, kofia na fimbo. Wakatusalimia. Tukanyamaza, tukawaitikia kwa adabu, mume wangu hata akavua kofia. Wakapita. Tukangoja mpaka hatua zao zipotee, kisha nikaendelea nilipoachia.

"Na mto wangu!" Sijui kwa nini ndilo lililokuja. "Una upande wako, mzima, mkubwa, na kila siku unalala kwangu! Miaka kumi na miwili nafua mafuta yako ya nywele! Hata hilo tu, hata heshima ya upande wangu wa kitanda, ulishindwa?"

Hapo ndipo alipokaa chini. Hasira yote ilimtoka, nikaona imemtoka, akawa anachuna nyasi.

"Asubuhi nikifika," akasema, "panakuwa bado na joto lako. Halikai sana, dakika kumi hivi. Taa za barabarani zikinichelewesha, nakuta limeisha. Kwa hiyo nilikuwa naendesha mbio."

Niliona foronya zote zile, miaka yote, naziingiza kwenye mashine kwa hasira. Nikakaa kando yake juu ya lile jiwe, nikalia, naye akalia, na ng'ombe mmoja akaja kutuangalia, njuga inalia polepole. Mume wangu akaniita kwa jina langu, siyo mama watoto, jina langu lile nililopewa na mama. Aliniambia kama nataka Dallas atanifuata, Dallas pia kuna hospitali. Nikamwambia ngoja kwanza tushuke.

Ukungu ulipoondoka, lile hori la ng'ombe lilikuwa hatua ishirini kutoka kwetu.

Siku ya mwisho ilikuwa ya baiskeli, kufuata mto bondeni. Mimi baiskeli sijui. Kwetu na milima ile, msichana nani angemfundisha? Mwenye nyumba ya wageni alisema kuna basi. Mume wangu akaizunguka baiskeli, akatikisa kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo, akafunga koti lake juu yake. "Panda," akasema. Nikakaa ubavu ubavu, miguu upande mmoja, mkono kiunoni mwake, kama akina mama wanavyobebwa Malindi kutoka sokoni. Mwenye nyumba alishika mdomo. Tukaondoka tukiyumba, kisha tukatulia. Mto ulikuwa wa rangi ya maziwa, upepo unanipiga shavu moja, mgongo wake una joto, na milima ikawa inapita pande zote mbili bila mimi kufanya kazi yoyote. Nikasema moyoni, kumbe mzigo ulikuwa mimi. Nikamshika vizuri.

Tuliporudi Katy niliitoa barua ya Dallas kwenye droo nikaandika jibu la asante, hapana. Dada yangu alininunia wiki mbili. Mama mkubwa wa ushirika alinishika nje ya kanisa, akanikagua juu mpaka chini, akasema Mungu ni mwema, umepona. Nikamwambia ndiyo mama, nimepona.

Mume wangu alipewa zamu ya mchana mwezi Agosti. Siku hiyo ya kwanza tulikula pamoja mezani, hatujui mikono tuiweke wapi, na saa moja unusu, jua la Texas bado liko kwenye pazia, tukaenda kulala maana alfajiri wote tunaamka. Tukaingia chumbani tukaelekea upande uleule. Tukagongana. Akarudi nyuma, nami nikarudi nyuma.

"Pita wewe," akasema. "Ni kwako."

"Wewe umepazoea. Lala."

Nikazunguka nikalala upande wa pili. Godoro lilikuwa gumu kama la dukani, kwa miaka halikulaliwa na mtu. Niligeuka geuka sana, naye alikuwa anakoroma, kitu ambacho kabla ya Austria nilikuwa nimesahau.

Alfajiri niliamka dakika ya mwisho, kama kawaida yangu. Hakuwepo. Maji yalikuwa yanamwagika bafuni. Kabla sijawasha taa nilipeleka mkono upande wake, chini ya shuka, nikaukuta mto, nikapakuta mahali alipokuwa. Palikuwa na joto. Nikasogea nikalala pale mpaka likaisha, na siku hiyo nilichelewa kazini.